Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba aliyethubutu kuyaacha mazoea

WAHENGA wa pwani walinena kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Anayejihimu kutoka na kuhangaika hakosi kitoweo, ilhali anayekaa barazani akingoja riziki imfuate huambulia patupu. Ni wachache katika historia ya Afrika Mashariki ambao maisha yao yanaufasiri usemi huo vyema kuliko Siti binti Saad, mwanamke aliyeanza kama mfinyanzi wa vyungu katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, na kuaga dunia mnamo Julai 8, 1950 akiwa miongoni mwa waimbaji waliosifika zaidi katika upwa wote wa Waswahili.

Zaidi ya miaka 70 imepita tangu azikwe, lakini kila panapozungumzwa asili ya taarabu ya Kiswahili, jina lake hutangulia. Hata hivyo, wengi wanaolitaja hukumbuka sauti yake tu. Wanasahau kwamba sauti hiyo ingeweza kupotea mashambani, isisikike na yeyote ila jirani na wapita njia, lau mwenyewe asingeamua kuondoka mahali alipopazoea.

Siti alizaliwa yapata mwaka wa 1880. Wazazi wake hawakuwa na ukwasi wala nasaba ya kujivunia. Upande wa baba, asili yake ilikuwa Unyamwezi, na upande wa mama, Uzigua. Hizo ni sehemu mbili za bara ambako watu wengi walitekwa au kununuliwa, kisha wakavushwa bahari kuja kutumikishwa Unguja. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa.

Jina hilo halikuwa la mzaha. Ingawa biashara ya kusafirisha watumwa baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka wa 1873, kumiliki watumwa kuliendelea kuwa halali kisiwani humo hadi mwaka wa 1897. Binti huyo alikua katika jamii ambamo mtu aliulizwa kwanza ukoo wake kabla ya kuulizwa habari zake, na ambamo aliyezaliwa chini alitarajiwa kufia huko huko chini.

Hakupelekwa shule, na hata chuoni hakupata nafasi ya kukaa akasoma. Elimu aliyopata ni ile ya mikono. Kama wanawake wengi wa kijiji chake, alijifunza ufinyanzi: kuchimba udongo, kuukanda, kuumba chungu kwa vidole, kukianika na kukichoma motoni. Vyungu vilipokuwa tayari, alivitwika kichwani akaenda kuvitembeza hadi mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 20 kutoka Fumba.

Yasimuliwa kwamba alipokuwa akipita mitaani kunadi bidhaa yake, aliinadi kwa kuimba. Watu walimtambua kwa sauti kabla hajafika mlangoni. Wapo walionunua chungu kwa sababu walikihitaji, na wapo waliotoka nje kumsikiliza tu. Hivyo kipaji chake kilianza kujulikana akiwa bado na kata kichwani, pasipo yeye wala yeyote kukihesabu kuwa kazi.

Uamuzi mzito

Mnamo mwaka wa 1911, Siti alihamia mjini Unguja. Kwa mtazamo wa leo, safari ya kilomita 20 si jambo la kushangaza. Kwake yeye ilikuwa ni kuvuka kutoka ulimwengu mmoja kuingia mwingine.

Alikuwa na umri wa takriban miaka 30, umri ambao kwa wanawake wa zama zile ulihesabiwa kuwa wa mtu aliyekwisha kutulia. Fumba alikuwa na ndugu, alikuwa na ufundi anaoumudu na alikuwa na wateja wanaomjua. Mjini hakuwa na chochote kati ya hivyo. Zaidi ya hayo, sanaa aliyotamani kuingia haikuwa imewahi kumfungulia mlango mtu wa aina yake.

Taarabu ya wakati huo ilikuwa starehe ya watawala na matajiri. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kati ya mwaka wa 1870 na 1888, ndiye husimuliwa kuwa alimtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, na aliporejea akaanzisha kikundi cha kutumbuiza katika kasri. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu. Mwaka wa 1905 kilianzishwa chama mashuhuri cha Ikhwani Safaa, nacho kilikuwa cha wanaume. Mwanamke, tena wa shamba, tena wa uzao wa watumwa, tena asiyejua Kiarabu, hakuwa na kiti katika majlisi hizo.

Aliyempa mkono alikuwa Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa. Aliisikia sauti yake, akaona kwamba ilistahili kufunzwa, akamfundisha uimbaji wa mtindo wa Kiarabu pamoja na upigaji wa ala. Kisha akamjulisha kwa wanamuziki wenzake, naye Siti akaanza kuimba pamoja nao.

Hapa ndipo penye uzito wa maisha ya mwanamke huyu. Katika ufinyanzi alikuwa fundi, lakini katika taarabu alikuwa mwanafunzi asiyejua kitu, akiketi mbele ya watu waliomzidi elimu, nasaba na uzoefu. Ilimbidi akubali kukosea mbele yao na kusahihishwa. Ilimbidi ajifunze matamshi ya lugha ambayo hakulelewa nayo, pamoja na kuisoma Kurani kwa sauti, jambo ambalo baadaye lilimletea sifa kubwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Siti aliinama miaka mingi kabla ya kukipata alichokitafuta.

Kejeli na majibu

Umaarufu ulipoanza kuja, ulikuja na maadui wake. Wapinzani walitunga nyimbo za kumdhihaki. Walimkumbusha kwamba jana tu alikuwa akiingia mjini na kaniki moja mwilini, akiuza vyungu, na wakahoji ni lini amegeuka kuwa mtu wa kuheshimiwa. Kwa kuwa aliimba akiwa amejifunika, wapo pia waliodai kwamba alifanya hivyo ili kuificha sura.

Siti hakurudi Fumba, wala hakujibu tusi kwa tusi. Alijibu kwa wimbo uliobeba hoja moja: kwamba uzuri wa sura na utukufu wa ukoo si kitu iwapo mtu amekosa akili na mwenendo mwema. Wimbo huo ulipendwa kuliko ule wa watesi wake. Jina la Mtumwa likafifia, na mahali pake pakaimarika jina la Siti, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha bibi mwenye heshima.

Alialikwa kutumbuiza katika majumba ya matajiri na hata mbele ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyeanza kutawala mwaka huo huo wa 1911 na kuendelea hadi 1960. Lakini makazi yake hayakuwa Mji Mkongwe wa mawe. Aliishi Ng'ambo, upande wa mji uliokaliwa na wachukuzi, vibarua, mafundi na watumwa wa zamani pamoja na watoto wao. Nyumbani kwake palikuwa ndipo pa mazoezi, na jioni majirani walikusanyika kusikiliza bila ya kutakiwa mwaliko.

Ni katika mazingira hayo ambapo alifanya jambo lililobadili historia ya sanaa hiyo. Baada ya kujifunza kwa taabu kuimba kwa Kiarabu, aliichukua taarabu akaivika Kiswahili. Yeye na wenzake, wakiwemo Subeti Ambar, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban, walitunga na kuimba kwa lugha ambayo mchukuzi wa bandarini na mpishi wa jikoni waliifahamu sawa na bwana mkubwa. Alikuwa ametoka alikozoea ili ajifunze ya wengine. Alipokwisha kuyajua, hakuyaona ya kwake kuwa duni.

Safari ya Bombay

Mwaka wa 1928 ulimletea mtihani mwingine. Kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilimwalika Siti na kikundi chake kwenda Bombay, India, kurekodi nyimbo. Safari ilikuwa ya kuvuka bahari kwa meli, kwenda nchi ngeni, na kuimba mbele ya mitambo badala ya watu wanaoshangilia. Huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa akiimba kwa Kiswahili.

Kabla ya hapo, wenye gramafoni katika pwani hii walinunua zaidi santuri za Kiarabu na za Kihindi. Santuri za Siti zilipofika madukani, ziligombaniwa. Katika miaka michache iliyofuata, yeye na wenzake walirekodi nyimbo zaidi ya 250, na kampuni nyingine nazo zikaanza kuwafuata waimbaji wa Kiswahili. Sauti ya mfinyanzi wa Fumba ikawa inasikika katika mikahawa ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na watu wasiokuwa na gramafoni wakakusanyika kwa wale waliokuwa nazo.

Mwaka huo huo wa 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu katika maeneo yaliyotawaliwa na Waingereza Afrika Mashariki. Wataalamu walikuwa wakiandaa sarufi na kamusi kwa ajili ya shule. Siti, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alikuwa akikitawanya Kiunguja hicho hicho kwa njia ya wimbo, kikiingia masikioni mwa watu ambao hawangefungua kitabu chochote.

Umaarufu haukumfanya asahau alikotoka. Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi pekee. Zilisema juu ya mahakimu waliopendelea wenye nacho, matajiri waliowadhulumu wanyonge, na wanaume waliowatesa wanawake. Mashuhuri zaidi ni ule uitwao Kijiti, uliotokana na kisa cha kweli cha mgeni wa kike, mja mzito, aliyechukuliwa kwenda ngomani akaishia kuuawa. Mtuhumiwa alitorokea bara, ilhali wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi waliishia kuadhibiwa wao. Gazeti la serikali lisingeandika kisa hicho kwa macho ya maskini. Siti alikiimba, na watu wa Ng'ambo wakakihifadhi vichwani.

Mtu aliyekwisha kuingia kasrini angeweza kunyamaza ili asiudhi wakubwa. Kutokunyamaza ilikuwa njia nyingine ya kukataa usalama wa mahali pa raha.

Urithi wake

Katika siku zake za mwisho, Siti alitembelewa na mwandishi Shaaban Robert, ambaye alimsikiliza akisimulia maisha yake. Matokeo ya mazungumzo hayo ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka wa 1958, mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya Kiswahili kueleza maisha ya mwanamke wa kawaida kana kwamba yalistahili kuandikwa sawa na ya masultani. Kwa hakika yalistahili.

Binti mwingine wa Unguja, Fatuma binti Baraka, aliyefahamika duniani kama Bi Kidude, alikua akiisikiliza sauti ya Siti na kuzishika nyimbo zake. Aliendelea kuziimba hadi alipofariki Aprili 2013. Nacho Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoundwa mwaka wa 1987, kilipoanzisha jarida lake kililiita Sauti ya Siti, kwa kumuenzi mwanamke aliyewasemea wenzake kabla ya kuwapo magazeti ya kuwasemea.

Maisha ya Siti yana funzo kwa kizazi hiki, hasa kwa vijana wanaosita kuacha kazi ndogo wanayoimudu, au watu wazima wanaodhani kwamba umri umekwisha kuwafungia milango. Hakuondoka Fumba kwa sababu alikuwa na hakika ya kufaulu. Hakuwa na hakika hiyo, wala hapakuwa na mtu wa aina yake aliyetangulia ambaye angemwiga. Aliondoka kwa sababu alijua alichonacho na alijua kwamba pale alipokuwa hakingekua.

Lakini haifai kukisimulia kisa chake kana kwamba ujasiri wa siku moja ulitosha. Kutoka kijijini ilikuwa hatua ya kwanza tu. Zilifuata miaka ya kujifunza, kudhihakiwa, kusahihishwa na kurudia. Aliye tayari kuondoka lakini hayuko tayari kuwa mwanafunzi tena, atarudi alikotoka mikono mitupu.

Mfinyanzi hujua kwamba chungu kilichoumbwa vizuri kikaachwa kivulini, hubaki udongo. Kikinyeshewa, huyeyuka. Sharti kitiwe motoni ndipo kiweze kuchukua maji na kukaa mekoni. Siti binti Saad aliifanya kazi hiyo kwa mikono yake miaka mingi pale Fumba, kisha akakubali naye kupitia moto huo.