Baden-Powell: Askari Aliyekuwa Mlezi wa Vijana

Kila ifikapo tarehe 22 Februari, maskauti wa Kenya humkumbuka Robert Baden-Powell, na wengi wao hufunga safari mpaka Nyeri kulizuru kaburi lake. Jina hilo hata watoto wa Kibokoni na Kuze wanalijua. Lakini mzazi Mwislamu wa Mji wa Kale ana haki ya kuuliza: huyu alikuwa mtu gani, na mwanangu atapata kheri gani kwa kuifuata njia yake?

Alizaliwa London mwaka 1857. Babake, kasisi na mwalimu wa chuo kikuu, alifariki mwaka 1860, akamwachia mjane wake kazi ya kuwalea watoto. Shuleni, kijana huyu alikuwa akitoroka kwenda msituni, akijifunza kunyemelea wanyama na kuficha moshi wa moto wake ili walimu wasimwone. Mwaka 1876 aliingia jeshini na kupelekwa Bara Hindi. Huko ujuzi ule wa msituni ukawa ndiyo kazi yake: kufuata nyayo na kupeleleza.

Haifai kuyaficha yaliyofuata. Mwaka 1896 alikuwamo katika jeshi la Kiingereza lililoingia Kumasi na kumteka Prempeh, mfalme wa Waasante. Mwaka huo huo, katika vita vya Wamatabele, aliamuru kupigwa risasi kwa Uwini, mkubwa wa Kiafrika aliyekwisha kujisalimisha. Serikali yake ilichunguza jambo hilo, ikamwondolea lawama. Sisi wana wa Afrika hatulazimiki kusahau.

Sifa yake ilienea kwa mazingiwa ya Mafeking, Afrika Kusini, yaliyodumu siku 217, kutoka Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Humo Waafrika waliteseka kwa njaa kuliko Wazungu, maana chakula hakikugawanywa sawasawa. Lakini humo pia wavulana walipewa kazi ya kupeleka barua na habari, wakaitekeleza vizuri. Baden-Powell akaona kwamba kijana akiaminiwa hufanya kazi ya mtu mzima.

Mwezi wa Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20, wana wa matajiri na wana wa wafanyakazi, akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Aliwagawa katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake kijana. Mwaka 1908 alitoa kitabu cha kuwafundisha vijana uskauti, na mwaka 1910 akaacha jeshi ili ashughulikie kazi hiyo. Mwaka huo huo uskauti ulifika Kenya.

Je, dini? Baden-Powell alikuwa Mkristo, lakini ahadi ya skauti humtaka kijana atimize wajibu wake kwa Mungu, kila mmoja kwa dini yake. Ndiyo maana uskauti umestawi Misri na Indonesia, nchi zenye Waislamu wengi. Kinachowatatiza wazee wetu ni maskauti kupeana mkono wa kushoto. Husimuliwa kwamba desturi hiyo ilitoka kwa Waasante wale wale, ambao shujaa wao huiweka chini ngao aliyoishika kwa kushoto ili kuonyesha kwamba amemwamini mwenziwe. Ni alama ya chama, wala haimzuii mtoto kutoa salamu zake nyumbani kwa mkono wa kulia.

Na kisiwa chetu hakikungoja Mzungu kuja kulea vijana. Mtoto alisoma chuoni, kisha akateremka pwani, akajua kujaa na kupwa kwa maji, kuogelea, kufunga mafundo ya kamba na kuzisoma nyota. Nahodha alikuwa mwalimu. Majahazi yalipopungua, somo hilo nalo likapungua, na nafasi yake kwa vijana wengine ikachukuliwa na kukaa barazani bure na mihadarati, ambayo imeziliza nyumba nyingi za Mji wa Kale. Kijana asiye na shughuli hutafutiwa shughuli na mwovu. Kikosi cha skauti chenye kiongozi mwaminifu, kinachochunga saa za swala na chuo, humpa kijana kazi, wenzake wema na bahari ya babu zake.

Mwaka 1938 Baden-Powell alihamia Nyeri, katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa mjini humo. Mkewe Olave alifariki mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa kuzikwa hapo hapo. Juu ya jiwe la kaburi pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo maana yake kwa skauti ni kwamba aliyetangulia amekwisha rudi nyumbani.

Hesabu ya vita vyake i kwa Mwenyezi Mungu. Hekima ya kumwamini kijana na kumpa kazi haina kabila, nasi tuna vijana wanaoingoja.