Joginder Singh, fundi aliyefufua motokari iliyochoka

Joginder Singh alizaliwa Kericho, Kenya, 1932. Kazi ya ufundi aliijua toka utoto. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilileta motokari zake kwenye mashindano ya Safari, zikashindwa. Yeye akanunua moja, PV544 iliyokwisha kuchoka. Pamoja na mdogo wake Jaswant wakaitengeneza upya kwa mikono yao. Pasaka ya 1965 wakashinda nayo matope yote, wakawa wa kwanza. Akashinda tena 1974 na 1976, na Mitsubishi. Alifariki London, 2013.

Sisi wa Kasongo na Kabambare tunajua matope hayo. Wakubwa wanasema motokari imekufa, fundi anaifufua, inapita. Basi siku ya malipo wasimsahau: chuma peke yake hakishindi.