Herman Potočnik: Kapteni mgonjwa aliyetaka kuishi angani kwa mwanga wa jua

MTU atazamapo sahani ya setilaiti juu ya paa, ikielekea daima pahali pamoja mbinguni, ni nadra akumbuke kwamba miongoni mwa waliotangulia kupapigia hesabu mahali hapo ni mwanajeshi mstaafu aliyefariki Vienna mwaka wa 1929, akiwa fukara na mwenye umri wa miaka 36 pekee.

Herman Potočnik alizaliwa Desemba 22, 1892 mjini Pula, bandari ya jeshi la majini la Austria-Hungary ambayo leo imo nchini Croatia. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Slovenia. Baba yake, daktari wa jeshi hilo, alifariki mwanawe angali mdogo, na mama akahamia Maribor pamoja na watoto.

Kijana huyo alilelewa katika shule za kijeshi, akahitimu uhandisi wa reli na madaraja huko Mödling, karibu na Vienna. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Alitoka humo akiwa na kifua kikuu, maradhi ambayo enzi hizo hayakuwa na dawa, na mwaka wa 1919 akastaafishwa kwa cheo cha kapteni.

Alirudi darasani Vienna kusomea uhandisi wa umeme. Hata hivyo, afya haikumruhusu kufanya kazi. Hakuoa, aliishi kwa nduguye, na kuanzia mwaka wa 1925 akajitosa kabisa katika masuala ya roketi na safari za angani.

Matunda yake yalikuwa kitabu kimoja tu, kilichotolewa Berlin mwishoni mwa mwaka wa 1928 kikiwa na michoro 100. Jalada lake halikuwa na jina la Potočnik bali la Hermann Noordung, jina la kubuni.

Wenzake wengi waliwaza jinsi ya kufika angani. Yeye aliuliza swali la mwenye nyumba: tukishafika, tutaishi kwa nini? Kuni hakuna, makaa hayapandishiki, na kila kilo ya mafuta itokayo duniani ni gharama kubwa. Jibu lake lilikuwa jua.

Alichora kituo chenye umbo la gurudumu, upana wake mita 30, kikijizungusha mara moja kila sekunde nane ili wakazi wahisi uzito kama walivyo ardhini. Upande uelekeao jua aliweka kioo kikubwa kilichobonyea kama karai. Kioo hicho kingekusanya miale na kuielekeza kwenye mabomba, kwa kanuni ile ile impayo mtoto uwezo wa kuchoma karatasi kwa lenzi juani.

Kiowevu ndani ya mabomba kingechemka, mvuke uzungushe mtambo wa kuzalisha umeme, kisha upozwe upande wa kivulini na kurudi kuwa kiowevu. Angani, alieleza, hakuna wingu wala vumbi la kulizuia jua, na kivuli chake kina baridi kali. Tofauti hiyo ya joto na baridi ndiyo inayouendesha mtambo. Vioo vingine vingemulika vyumba, ili mchana uingie ndani ya gurudumu.

Kituo alikiweka kilomita takriban 35,900 juu ya ikweta, mahali ambapo chombo huizunguka dunia kwa kasi sawa na dunia ijizungushavyo, hivyo huonekana kana kwamba kimesimama. Hakuacha kutaja pia upande wa giza: alionya kwamba vioo vikubwa angani vingeweza kugeuzwa silaha. Aliyekuwa ameviona vita hakuhitaji kuelezwa hayo.

Wahandisi wa Vienna waliyaona hayo kuwa ndoto za mgonjwa. Jarida moja la Marekani lilichapisha sehemu za kitabu chake kwa Kiingereza mwaka wa 1929, lakini Agosti 27 mwaka huo homa ya mapafu ilimmaliza.

Yaliyofuata ni ya kustaajabisha. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kirusi mwaka wa 1935. Mwaka wa 1952 Wernher von Braun aliwaonyesha Wamarekani gurudumu lake mwenyewe, nalo lilipata umeme kwa kioo cha kuchemshia zebaki. Mwaka wa 1956 mhandisi Krafft Ehricke akasogeza wazo mbele zaidi: jua lililokusanywa kwa vioo lipashe moto haidrojeni, gesi ifyatuke kwa nyuma na kukisukuma chombo chenyewe.

Kuhusu mtambo, Potočnik hakubahatika. Mwaka wa 1954 ilizinduliwa huko Marekani seli ya silikoni igeuzayo mwanga kuwa umeme moja kwa moja, na miaka minne baadaye ikaruka na setilaiti ya Vanguard 1. Vioo na mvuke vikaachwa nyuma, ingawa miaka ya 1980 NASA ilivifikiria tena ilipopanga kituo chake cha Freedom. Kuhusu chanzo cha kawi, hakukosea.

NASA ilitoa tafsiri kamili ya Kiingereza ya kitabu chake mwaka wa 1995. Huko Vitanje, kijiji cha Slovenia alikotoka mamake, jumba la utamaduni wa safari za angani lilifunguliwa mwaka wa 2012. Limejengwa kwa umbo la mviringo, mithili ya gurudumu lake.