Hurst, kijana wa useremala aliyeupima Mto Nile kwa miaka 62

KATI ya mwaka 1961 na 1964, Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili na kumeza mashamba na makazi ya watu wa ufuoni, nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Wengi walidhani ni ajabu isiyo na mfano. Ilhali miaka kumi kabla ya hapo, mtaalamu mmoja wa Cairo alikuwa amekwisha kuandika kwamba maji ya mito hayana mazoea ya kurejea upesi kwenye wastani wake.

Mtaalamu huyo ni Harold Edwin Hurst, Mwingereza ambaye Wamisri walimbandika lakabu ya Abu Nil, yaani Baba wa Nile.

Alizaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Leicester, katika jamaa isiyo na mali. Aliacha shule akiwa na miaka 15, akafunzwa kemia kidogo na useremala, na jioni akawa anahudhuria masomo ya ziada. Akiwa na miaka 20 alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alihitimu fizikia kwa daraja la kwanza licha ya msingi wake hafifu wa hisabati.

Mwaka 1906 alisafiri kwenda Misri kwa kazi aliyodhani ingekuwa ya muda mfupi. Mojawapo ya majukumu yake ya awali lilikuwa kupeleka ishara ya saa kwenye ngome ya Cairo, ambako mzinga ulifyatuliwa kila adhuhuri. Uhusiano wake na nchi hiyo ukadumu miaka 62.

Katika Wizara ya Ujenzi wa Umma alipanda hadi kuongoza idara iliyoshughulikia vipimo vya mto. Kazi yenyewe haikuwa ya fahari. Ubao wenye alama za kina husimikwa mtoni, na mtu huusoma kila siku, asubuhi hata asubuhi. Kisha wataalamu huenda kwa mashua wakiwa na kifaa chenye pangaboi ndogo. Kadiri mkondo unavyokwenda kasi, ndivyo pangaboi inavyozunguka upesi. Kasi hiyo ikizidishwa kwa eneo la mkato wa mto, hupatikana kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde moja. Vipimo vya namna hiyo vikikusanywa kwa miaka, kina pekee kinatosha kukisia wingi wa maji.

Hurst alilizunguka bonde lote la Nile kwa meli, kwa baiskeli, kwa gari na kwa miguu akifuatana na wapagazi. Pamoja na wenzake alichapisha majuzuu kadhaa ya takwimu za mto huo. Vipimo vilionyesha, kwa mfano, kwamba takriban nusu ya maji ya Nile Nyeupe hupotelea katika kinamasi cha Sudd, kusini mwa Sudan ya wakati huo.

Swali lililomkosesha usingizi lilikuwa hili: bwawa liwe na ukubwa gani ili Misri isife njaa hata ukame ukiandamana kwa miaka mingi? Misri ilikuwa na hazina ya kipekee. Katika kisiwa cha Roda, Cairo, kina cha mto kilikuwa kimeandikwa tangu mwaka 622, kwa sababu watawala walikitumia kukadiria kodi.

Hesabu za kawaida zilichukulia kila mwaka kuwa kama karata iliyochanganywa upya, isiyojua iliyotangulia. Hurst alichezea karata kwelikweli ili kulinganisha bahati nasibu na mto. Akagundua kwamba mto hauchezi hivyo. Miaka ya neema huandamana, na ya dhiki vilevile, kama katika kisa cha Yusufu na Firauni. Kwa hiyo bwawa la kuhimili dhiki hizo lapasa kuwa kubwa kuliko hesabu za kawaida zilivyodai. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1951, na baadhi ya wataalamu wakayapokea kwa mashaka.

Mwaka 1946, yeye na wenzake wawili walipendekeza maji yahifadhiwe katika maziwa ya Ikweta, likiwamo Victoria, ili yatosheleze mahitaji ya karne nzima. Hapa ndipo mwandishi huyu anapositasita katika kumsifu. Mpango huo ulitazamwa hasa kwa jicho la Cairo. Mkataba wa 1929, uliotiwa saini na Uingereza kwa niaba ya makoloni yake, ulikuwa tayari umeipa Misri kauli juu ya maji yetu, na mvuvi wa Kisumu au mkulima wa ukingo wa Nzoia hakuulizwa lolote.

Baada ya mapinduzi ya 1952, Misri iliamua kujenga Bwawa Kuu la Aswan ndani ya mipaka yake, na ujenzi ukaanza 1960. Hurst aliendelea kushauri hadi akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Alifariki Desemba 1978, akiwa na miaka 98. Kabla ya hapo, mwanahisabati Benoit Mandelbrot alikuwa ameifufua kazi yake na kuipa alama ya H, kwa heshima ya jina lake. Leo kipimo hicho hutumiwa hata na wachunguzi wa bei za hisa.