Tippu Tip na Bibi Asiyekuwa Wake

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye sote tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Tabora. Mama yake, binti Habib bin Bushir, alitoka katika ukoo wa Waarabu wa Maskati. Nasaba yake ni hiyo, na aliijua vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 aliingia Utetera, Kongo, nchi ya mtawala mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. Kabla ya kufika alikwisha kuwadadisi watu wa huko, wakamweleza kuwa zamani mfalme wa Urua aliwateka dada wawili wa Kasongo. Mmoja aliitwa Daramumba. Basi Tippu Tip akadai kwamba babu yake Habib alimpata Daramumba huko Urua, akamfanya suria, naye ndiye aliyemzaa mama yake. Mzee akamwamini. Akampokea kama mjukuu wa dada yake, akamkabidhi utawala pamoja na pembe zake.

Hila hii hakuificha. Aliisimulia mwenyewe uzeeni, katika kitabu cha maisha yake alichokiandika kwa Kiswahili na Mjerumani Heinrich Brode akakihamishia herufi za Kirumi.

Wengi hukisimulia kisa hiki wakicheka. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na kila mwanafunzi wa fiqhi anajua uzito wa kujinasibisha na ukoo usio wako; kicheko hakinijii. Ila ninayemfikiria zaidi ni Daramumba. Ametekwa, hakurudi kwao, na tunalijua jina lake kwa sababu tu lilimfaa mtu mwenye bunduki. Katika kitabu hicho pembe huhesabiwa kwa frasila. Wanawake wengi waliotekwa hawana hata jina.

Mwaka 1887 akawa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alifariki Unguja mwaka 1905.

Koo nyingi za Waislamu wa pande hizi hujinasibu na misafara yake, na wetu ni mmojawapo. Wazee husema babu alikuja nayo. Nimewauliza: alikuja amebeba bunduki, au amebeba pembe? Mpaka sasa wananitajia msafara tu.