Alan Turing, mutu aliyesimamisha mashini ili aone ndani

Wengi wetu tunajua jina la Turing kwa sababu ya vita. Sisi tunataka kusema zaidi juu ya kazi yake ya Manchester, maana watu wanaipita mbio.

Alan Mathison Turing alizaliwa London tarehe 23 mwezi wa 6 mwaka 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza kule India, na watoto walibaki Uingereza kulelewa na watu wengine. Mwandiko wake ulikuwa mubaya sana, na walimu waliuchoka. Lakini kwa hesabu, hapana mchezo! Mwaka 1931 aliingia King's College, Cambridge.

Mwaka 1936 aliandika juu ya mashini isiyokuwako bado, yenye kusoma alama kwenye ukanda na kufuata amri moja moja. Alionyesha kwamba hakuna mashini inayoweza kuchunguza kila mashini nyingine na kusema hakika kama siku moja itaandika alama fulani ao hapana. Sisi tunaona neno hili ni zito. Programu ikizunguka tu bila jibu, hakuna fundi wa kutabiri mwisho wake kila mara; inafaa kuisimamisha na kuchungulia.

Wakati wa vita alitumika Bletchley Park, akasaidia kutengeneza mashini za kufungua maandiko ya siri ya Wajerumani. Kazi hiyo ilifichwa miaka mingi.

Mwaka 1948 alienda Manchester. Kule Williams, Kilburn na Tootill walikuwa wamekwisha kuendesha ordinateri ndogo, tarehe 21 mwezi wa 6. Kumbukumbu yake ilikuwa ndani ya vyupa vya kioo kama vya televizioni, kila alama ni nukta ya mwangaza, na kioo kingine kiliwaonyesha watu nukta hizo. Kumbe mutu aliweza kuona kwa macho yake kile mashini inachokumbuka! Mwaka 1951 mashini kubwa ya kampuni Ferranti ilifika, na Turing njo aliandika kitabu cha kufundisha namna ya kuitumia.

Mashini ile haikuwa na mfumo wa kuiongoza kama zile za leo. Mwandishi wa programu alikaa peke yake mbele ya swichi. Palikuwa amri mbili za pekee za kusimama: ukizitia katikati ya programu, mashini inazipita bila kujali, lakini ukiisha kuweka swichi yake, ikifika pale inasimama kimya. Halafu unasoma nukta, unaiendesha hatua kwa hatua, unaona kosa linazaliwa wapi. Turing alizoea kusoma namba za msingi wa 32, tena zikianza na tarakimu ndogo upande wa kushoto. Wenzake waliteseka nazo. Yeye aliona ni rahisi.

Lakini kuchungulia tu hakukumtosha. Mwezi wa 6 mwaka 1949, kule Cambridge, alieleza kwamba mwandishi aandike pahali mbalimbali pa programu kile kinachopaswa kuwa kweli pale. Alitoa mfano wa kujumlisha namba: kama umeandika zile unazobeba, mutu mwingine anaweza kupima kila safu peke yake. Wanafunzi wa klasi ya kwanza wanaelewa jambo hilo vizuri!

Leo katika Linux, kama kifaa hicho kimetayarishwa, mutu anabonyeza Alt, SysRq na g pamoja, na kiini chote cha mfumo kinasimama, kinangoja maulizo yake. Mashini ni nyingine kabisa, ila swichi ya Manchester inajulikana humo.

Mwaka 1952 mwizi aliiba nyumbani kwa Turing. Alipopeleka habari kwa polisi, wakajua kwamba alikuwa na urafiki wa kimwili na mwanaume, na sheria ya Uingereza ya wakati ule ilikataza. Akahukumiwa. Ili asifungwe, alikubali kupigwa dawa za kubadili mwili, na serikali ikamfungia kazi za siri, yeye aliyeitumikia hivyo. Alikufa kwa sumu tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 1954, akiwa na miaka 41. Baraza la uchunguzi lilisema amejiua. Msamaha wa malkia ulitoka mwezi wa 12 mwaka 2013, na tangu 2021 picha yake iko kwenye noti ya paundi 50.