Beryl Markham: Binti wa Njoro aliyevuka Atlantiki peke yake

Kwetu Ijuganyondo ndege si kitu kigeni tena. Inatokea juu ya Ziwa Viktoria, inashuka kuelekea uwanja wa Bukoba, watoto wanapunga mikono, basi. Lakini miaka ya 1930 ndege nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa ndogo, za mbao na kitambaa, na kiti cha rubani kilikuwa wazi kwa mvua na upepo. Mmoja wa waliozirusha alikuwa mwanamke aliyekulia Njoro, Kenya, na Kiswahili alikizungumza tangu utotoni.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902. Alipokuwa na miaka minne hivi familia yake ilihamia Kenya. Mama yake hakukaa, alirudi kwao, na mtoto akabaki na baba yake, Charles Clutterbuck, mfugaji wa farasi. Watoto aliocheza nao walikuwa wa Kinandi na Kikipsigis. Aliwinda nao kwa mkuki. Rafiki yake wa karibu aliitwa Kibii.

Ukame ulipomfilisi baba na kumfanya aondoke Kenya, binti alibaki akafundisha farasi wa mashindano, kazi ambayo wakati huo ilikuwa ya wanaume. Alikuwa bado hajafikisha miaka 20.

Urubani alifundishwa Nairobi na Tom Campbell Black, rubani wa kampuni ya Wilson Airways. (Kampuni hiyo nayo ilianzishwa na mwanamke, Florence Kerr Wilson, mwaka 1929. Uwanja wa Wilson wa Nairobi una jina lake.) Mwaka 1932 Beryl aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza, akipitia Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu, kisha akaufuata mto Nile. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza Kenya kupata leseni ya kurusha ndege kwa malipo. Alibeba barua, abiria na dawa.

Hakuwa mhandisi mwenye cheti. Lakini rubani wa siku hizo alilazimika kuijua injini yake, kwa sababu ikizimika porini hakuna fundi wa kuitwa.

Ujuzi huo ulipimwa tarehe 4 Septemba 1936. Jioni hiyo aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea New York, katika ndege ya injini moja aina ya Percival Vega Gull. Kwenda upande huo ni kupigana na upepo unaovuma usoni. Hakuwa na redio. Ndani ya ndege yalikuwa yamefungwa matangi ya ziada, na kila moja lilikuwa na koki yake. Tangi moja likiisha, injini inakata, naye anapapasa gizani kufungua koki ya tangi jingine huku ndege ikishuka kuelekea mawimbi. Ilitokea hivyo usiku, na injini ikawaka tena akiwa karibu kabisa na maji.

Asubuhi, nchi kavu ikiwa imeshaonekana, injini ilianza kukohoa tena. Safari hii mafuta yalikuwemo, ila barafu ilikuwa imeziba tundu la kuingizia hewa kwenye tangi la mwisho. Aliyewahi kumimina mafuta ya taa kutoka kwenye dumu anajua: hewa isipoingia, mafuta hayatoki. Alitua kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, pua ya ndege ikazama matopeni. Alitoka na jeraha la kichwa. Alikuwa amekaa angani zaidi ya saa 20, na akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Majuma mawili baadaye mwalimu wake Campbell Black alifariki katika ajali ya ndege uwanjani Liverpool.

Kuna jambo mimi huliwazia. Kibii, aliyewinda naye utotoni, alipokua aliitwa arap Ruta, akawa mfanyakazi wake, kwanza kwenye farasi, halafu kwenye ndege. Pori walijifunza pamoja. Usukani ulikuwa wa mmoja, na chini ya ukoloni hilo halikuhitaji maelezo.

Kitabu chake kuhusu maisha hayo kilitoka mwaka 1942 na kikasahaulika, na wapo wanaobisha hadi leo kwamba mume wake wa tatu ndiye aliyekiandika. Alirudi Kenya, farasi wake wakashinda sana, kisha pesa zikaisha. Kitabu kilichapishwa upya mwaka 1983, kikauzwa sana, kikamsaidia uzeeni.

Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986. Kwenye sayari ya Zuhura, ile tunayoiona iking'aa alfajiri, kuna shimo kubwa lililopewa jina la Markham.